PuTTY inanikatia nikiacha kuandika dakika tano tu, na ufunguo wangu seva inaukataa. Naomba msaada wa kuiseti

jongoo_mtiifu

Wakuu habari za kazi. Nina siku ya tatu nahangaika na hiki kitu, nimeona bora niulize wenye uzoefu kabla sijaharibu. Kuna seva ya Linux nimekabidhiwa niisimamie, aliyekuwa nayo kaondoka, akaniachia anwani, jina la yuza, paswedi, na faili moja la .reg (seti zilizotolewa kwenye rejista ya Windows) lenye sesheni zake zote za PuTTY, ile programu ya kuingilia seva kwa mbali. Nikaliingiza kwenye Windows yangu, majina yote yakatokea kwenye lile dirisha la mwanzo, nikachagua nikaingia. Mpaka hapo sawa.

Shida sasa. Nikiacha kuandika kama dakika tano hivi, labda nasoma kitu au nimeinuka kidogo, nikirudi dirisha limeganda, nikigusa kitufe chochote linatoka tangazo "Network error: Software caused connection abort" na nilichokuwa nafanya kimepotea. Jana ilikata katikati ya apdeti na hapo niliogopa kweli. Halafu nikifungua mc (programu ya kupangia mafaili) ile mistari ya fremu inatokea â â â skrini nzima, nimebadilisha fonti mara nne wapi.

Ila kubwa ni hili, nataka niache paswedi nitumie ufunguo. Nikafungua PuTTYgen, ile ndugu yake ya kutengeneza funguo, nikachagua ECDSA nikaweka nistp521 kwa sababu niliona namba yake ndo kubwa pale kwenye orodha, nikasevu wa siri na wa wazi, ule wa wazi nikaufungua kwa Notepad nikakopi wote nikaupesti chini kabisa ya ~/.ssh/authorized_keys kule seva, ile orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia. Nikiingia naambiwa "Server refused our key" halafu inaomba paswedi kama kawaida.

Na kuna jambo linanichanganya zaidi, kila nikibadilisha seti yoyote kesho yake nakuta imerudi ilivyokuwa. Pia nikiunganisha linatokea dirisha la onyo limeandikwa WARNING - POTENTIAL SECURITY BREACH, mimi nabonyeza Connect Once niendelee na kazi. Sijui kama vinahusiana. Natanguliza shukrani.

chozi_la_mvua

Hilo onyo hata mimi huwa linanitokea, we bonyeza Accept halitokei tena. Na kama ufunguo unakusumbua achana nao mkuu, weka paswedi ndefu yenye alama alama uendelee na maisha, wengi tunatumia paswedi na hakuna kilichotokea.

Mama Konsoli

Chozi la mvua naomba hilo la Accept ulirudishe ndugu yangu, na jongoo usilifanye kwanza. Ntaeleza kwa nini, maana katika yote uliyoandika hilo dirisha ndo lilinishtua kuliko ufunguo.

Kila seva ya SSH, yaani hiyo njia ya siri ambayo PuTTY inaitumia kuingia, ina ufunguo wake yenyewe, sio wa yuza, wa seva. Mara ya kwanza unapounganisha PuTTY inauhifadhi kwenye rejista ya Windows chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software\SimonTatham\PuTTY\SshHostKeys, na kila ukirudi inalinganisha. Ukiona lile onyo maana yake aliyejibu simu leo sauti yake sio ya yule wa jana. Inaweza kuwa seva imepigwa upya ikazaliwa na funguo mpya, hiyo ni ya kawaida sana, na inaweza kuwa kuna mtu kakaa katikati anapokea wewe ukidhani ni seva. PuTTY haiwezi kujua ni lipi kati ya hayo, ndo maana inakuuliza wewe. Na kumbuka wewe bado unatumia paswedi, kwa hiyo kama kweli kuna mtu katikati, kila ulipobonyeza Connect Once ukaandika paswedi ulimkabidhi mkononi.

Kwako nadhani ni lile faili la .reg. Ukieksipoti rejista ya PuTTY yote, sesheni zinakuja na kumbukumbu za funguo za seva pia, kwa hiyo una ufunguo ambao yule ndugu aliukubali zamani, labda kabla seva haijapigwa upya. Ila hiyo ni dhana tu, usiitegemee, hakikisha. Nenda kwenye seva kwa njia isiyopita SSH, yaani konsoli ya kwenye paneli ya mwenye mashine au kibodi na skrini kama unaifikia, andika hii

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Itakutolea mstari wenye SHA256: na herufi nyingi, hiyo ndo alama ya kuutambulisha ufunguo wa seva. Linganisha na zile zilizoko kwenye dirisha la onyo, herufi kwa herufi, sio tatu za mwanzo na mbili za mwisho. Kama onyo linataja aina nyingine, labda ecdsa au rsa, basi soma faili la aina hiyo hiyo humo humo /etc/ssh. Zikifanana bonyeza Accept kwa amani na halitarudi. Zisipofanana funga laptopu ukaongee na mwenye mtandao.

fundi_kebo

Mama kamaliza hilo. Mimi nichukue la kukatika na la seti kurudi nyuma maana ni kitu kimoja karibu.

Seti kurudi: PuTTY haisevu kitu mpaka uiambie, na namna ya kuiambia ndo inayowachanganya watu. Ukifungua dirisha, kwanza bonyeza jina la sesheni yako halafu bonyeza Load, usiishie kulibonyeza jina tu. Hapo ndo uende upande wa kushoto ubadilishe unachotaka, ukimaliza RUDI juu kabisa kwenye Session, jina liwe bado lipo kwenye kile kisanduku, bonyeza Save, ndo ufungue Open. Watu wengi wanabadilisha wakiwa huko chini wanabonyeza Open moja kwa moja, inafanya kazi siku hiyo, kesho imepotea. Na ile Change Settings unayoipata ukikliki juu ya dirisha lililofunguliwa inagusa dirisha hilo tu. Ukitaka sesheni mpya zote zizaliwe na seti zako basi Load ile inayoitwa Default Settings, badilisha, Save hapo hapo. Sesheni za zamani hazitaguswa, hizo utazirekebisha moja moja.

Kukatika: kati yako na seva kuna ruta au fayawoli inayoweka daftari la miunganisho iliyo hai, ukikaa kimya muda fulani inakufuta kwenye daftari bila kumwambia mtu. Wewe unadhani bado umeunganishwa, seva nayo inadhani hivyo hivyo, unakuja kubonyeza kitufe ndo paketi inafika kwenye ruta haijulikani ni ya nani. Dawa ni kuzuia ukimya. Nenda Connection, kuna kisanduku "Seconds between keepalives", kimeandikwa 0 maana yake imezimwa, weka 60, kama bado inakata shuka 30. Hapo chini yake kuna tiki ya TCP keepalives, usiitegemee hiyo peke yake kwa sababu kawaida mfumo wa kompyuta unasubiri saa 2 ndo utume ya kwanza, na wewe unakatwa kwa dakika tano.

Kuna jambo moja watu hawalisemi. Kama tatizo lako sio ukimya bali mtandao wenyewe unapotea potea, keepalive inaweza kuongeza kukatika badala ya kupunguza. Muunganisho wa TCP uliotulia unaweza kuvumilia mtandao kupotea dakika kadhaa mradi hakuna aliyejaribu kutuma kitu, sasa wewe ukiwa unatuma kila sekunde 30 lazima utaligundua shimo. Kwa hiyo ichunguze kwanza, ukiwa unaandika mfululizo inakata? Kama haikati basi ni ukimya, weka hiyo 60.

Na apdeti usiifanye tena bila tmux, tafadhali. Andika tmux, fanya kazi yako humo, ukikatika unarudi unaandika tmux attach unakuta kazi inaendelea pale pale. Sesheni ikikatika kazi zilizoanzishwa moja kwa moja humo zinakufa nayo, na apdeti ya vifurushi kufia katikati inakuachia mfumo nusu nusu. Kama ile ya jana ilikuwa Debian au Ubuntu pitia dpkg --configure -a uone kama kuna kilichobaki njiani.

mzee_wa_logi

Herufi za â ni rahisi, seva inaongea UTF-8 na ile sesheni ya zamani uliyorithi inasoma kwa mtindo wa kizamani wa herufi moja baiti moja. Mstari mmoja wa fremu ni baiti tatu kwenye UTF-8 kwa hiyo unaona vitu vitatu badala ya kimoja, fonti haina hatia. Window kisha Translation, Remote character set weka UTF-8, halafu fanya alivyosema fundi kuhusu Save. Ukishabadilisha ukaona sasa badala ya â inatokea lqqqqk xxxx basi hapo hapo Translation kuna tiki ya "Enable VT100 line drawing even in UTF-8 mode", iweke.

Kama vitufe vya namba pembeni mwa kibodi vinakuandikia herufi za ajabu ndani ya kihariri cha vi, nenda Terminal, Features, tiki "Disable application keypad mode". Backspace ikitoa ^? au ^H badala ya kufuta iko Terminal, Keyboard, pale juu. Na skrini ikiganda ghafla huku mtandao upo, kabla hujaua dirisha bonyeza Ctrl na Q, mara nyingi mkono umegusa Ctrl na S ambayo tangu enzi za teminali za waya ni amri ya kusimamisha maandishi.

Sasa ufunguo. Umekosea sehemu moja ambayo PuTTYgen yenyewe inachangia. Kile kitufe cha Save public key kinasevu ufunguo kwa muundo ambao mstari wa kwanza unasomeka ---- BEGIN SSH2 PUBLIC KEY ---- halafu mistari kadhaa, na OpenSSH, programu ya SSH ya kwenye seva, haiusomi muundo huo ndani ya authorized_keys. Yenyewe inataka mstari MMOJA, unaanza na aina ya ufunguo, nafasi, herufi ndefu, nafasi, na maelezo. Huo mstari upo juu kabisa ya dirisha la PuTTYgen, kwenye kisanduku kilichoandikwa "Public key for pasting into OpenSSH authorized_keys file". Huo ndo ukopi, wote, kisanduku kina skroli kwa hiyo shuka mpaka mwisho, wengi wanakopi kinachoonekana tu.

Ila usikopi huo wa sasa. Utupe, tengeneza mwingine. Mwaka 2024 mwezi wa 4 lilitoka tangazo la udhaifu wa kiusalama CVE-2024-31497, PuTTY kuanzia toleo 0.68 mpaka 0.80 ilikuwa inatengeneza sahihi za nistp521 kwa namba ya siri ambayo haikuwa ya bahati nasibu ya kutosha, biti 9 za mwanzo zilikuwa sifuri kila mara. Mtu akikusanya sahihi kama 60 tu za ufunguo wako anaweza kuukokotoa ufunguo wa siri. Ilirekebishwa 0.81. Na hapa ndo pa kushika, kuapdeti programu hakuponyi ufunguo uliokwisha kutumika, ufunguo wenyewe unahesabika umevuja, unatakiwa uondolewe kwenye kila seva ulipoupesti. Angalia toleo lako pale About. Ukubwa wa namba sio ubora, chagua EdDSA, Ed25519, una herufi chache na unatosha kabisa. Kama utalazimika RSA kwa sababu ya seva kuukuu basi biti 3072 kwenda juu.

Upe ufunguo wa siri neno la kuufungua, usiuache uchi. Ili usiliandike kila mara kuna Pageant, unaiwasha asubuhi, unaupakia ufunguo, unaandika neno mara moja, kisha PuTTY na WinSCP zote zinauchukua kwake.

jongoo_mtiifu

Asanteni sana wakuu na Mama Konsoli shikamoo, yaani mmenifungua macho. Naripoti nilipofika.

Alama za SHA256 nimesoma kwenye konsoli ya paneli, zimefanana zote na zile za kwenye onyo, na nimeona kwenye tarehe za mafaili ya /etc/ssh kuwa seva ilipigwa upya kweli. Nimebonyeza Accept, nikabadilisha na paswedi juu yake. Keepalive 60, UTF-8, nimesevu kama fundi alivyoelekeza, leo nzima haijakata na mc iko safi.

Toleo langu lilikuwa 0.76, nimelifuta nimeweka jipya. Ufunguo mpya Ed25519 nimeupesti ule mstari wa juu. LAKINI bado "Server refused our key". Nimehakiki mara tatu mstari ni mmoja. Kwenye PuTTY nimeuweka Connection, SSH, Auth, Credentials. Nakosea wapi tena?

mzee_wa_logi

Acha kubahatisha upande wa Windows, seva inajua kwa nini imekataa na imeandika. PuTTY haiwezi kukuambia sababu kwa kuwa seva haimwambii mgeni sababu, ndivyo inavyotakiwa iwe. Ingia kwa paswedi, kama ni Debian au Ubuntu andika sudo tail -n 50 /var/log/auth.log, kama ni familia ya Red Hat ni /var/log/secure, kama hakuna hata moja basi sudo journalctl -u ssh. Jaribu kuingia kwa ufunguo kwenye dirisha la pili halafu soma mistari ya mwisho. Tuwekee hapa bila anwani.

jongoo_mtiifu

Nimepata huu:

Authentication refused: bad ownership or modes for directory /home/msimamizi

mzee_wa_logi

Ndo hiyo. Folda ya nyumbani kwako inaandikika na watu wengine, labda kuna mtu aliwahi kupiga chmod 777 ili kitu fulani kifanye kazi. SSH inaliangalia hilo kwa makusudi, kama yuza mwingine anaweza kuandika kwenye folda yako basi anaweza kubadilisha .ssh yote akajiwekea ufunguo wake, kwa hiyo inakataa kuliamini faili hata kama ufunguo ni sahihi. Andika

chmod 755 /home/msimamizi
chmod 700 /home/msimamizi/.ssh
chmod 600 /home/msimamizi/.ssh/authorized_keys

na hakikisha mwenye mali ni wewe sio root (yuza mkuu wa mfumo), ls -ld itakuonesha. Usije ukazima StrictModes, ndo huo ukaguzi wenyewe, kwenye sshd_config kama wengine wanavyoshauri, hiyo ni kumfukuza mlinzi kwa kuwa kakuona mlango uko wazi.

jongoo_mtiifu

IMEINGIA. Bila paswedi. Asante sana mzee, mwenyezi akubariki.

Sasa nataka nizime paswedi kabisa, naona ndani ya logi kuna watu wanajaribu kuingia kama root na kama admin usiku kucha. Nimeweka PasswordAuthentication no kwenye /etc/ssh/sshd_config nikarestati, nikajaribu bila ufunguo na bado inaniomba paswedi. Na pia mwenzangu mmoja tunasaidiana naye anataka kuingia, nimtumie lile faili la .ppk kwa barua pepe?

Mama Konsoli

Marahaba mwanangu. La .ppk kwanza, hapana, usimtumie kwa barua pepe wala kwa njia nyingine yoyote. Ufunguo wa siri hausafiri. Mwenzako atengeneze wake kwenye kompyuta yake, akutumie ule mstari wa wazi, huo hata ukibandikwa ukutani hauna madhara, wewe uupesti kwenye mstari wa pili, au vizuri zaidi mfungulie akaunti yake. Siku akiondoka unafuta mstari mmoja na wengine hawaguswi. Mkitumia mmoja, siku laptopu moja ikipotea wote mmepotea, na kwenye logi hutajua aliyeingia ni nani.

Hapo hapo naomba ufanye kitu ambacho hujaulizia. Andika ssh-keygen -lf ~/.ssh/authorized_keys uone kuna funguo ngapi humo. Umekabidhiwa seva, ukabadilisha paswedi, lakini funguo za waliopita haziathiriki na paswedi hata kidogo. Aliyeondoka kama ufunguo wake upo anaingia leo usiku kama kawaida. Simsemi vibaya ndugu huyo, labda ni mtu mwema kabisa, ila laptopu yake hujui iko wapi. Angalia na /root/.ssh/authorized_keys pia, na kila yuza aliyeko /home.

Kuhusu paswedi, sshd (programu ya kule seva inayopokea SSH) inachukua thamani ya KWANZA inayoikuta, sio ya mwisho. Kwenye Ubuntu na Debian za sasa juu kabisa ya sshd_config kuna mstari wa Include unaosoma mafaili ya /etc/ssh/sshd_config.d/, na seva za klaudi mara nyingi zina 50-cloud-init.conf humo ndani limeandikwa PasswordAuthentication yes. Limesomwa kabla ya lako, lako halina nguvu. Badilisha humo, halafu uliza sshd yenyewe inaamini nini

sudo sshd -T | grep -i -E 'passwordauth|kbdinter|permitroot'

Hiyo T kubwa inakupa seti zinazotumika kweli baada ya mafaili yote kuunganishwa. Hakikisha na KbdInteractiveAuthentication ni no, maana kwenye baadhi ya mifumo paswedi inapitia mlango huo.

Na hapa nakuomba sana. Kabla ya kurestati andika sudo sshd -t, t ndogo, ikikaa kimya basi hakuna kosa la uandishi. Dirisha ulilonalo LIACHE WAZI. Restati, halafu fungua dirisha la PILI ujaribu kuingia kwa ufunguo. Likikubali ndo ufunge la kwanza. Sesheni iliyokwisha kuingia haikatwi na restati ya sshd, kwa hiyo hilo dirisha ndo kamba yako ya kurudia juu. Mimi miaka ya nyuma niliwahi kufunga dirisha mapema kwenye mashine iliyokuwa mbali sana na konsoli yake ilikuwa haifanyi kazi, nilikuwa nimeandika vibaya neno moja tu kwenye config. Watu walikaa bila huduma mpaka mtu akasafiri kwenda kuigusa kwa mkono. Sijasahau.

chozi_la_mvua

Mama nimekuelewa, na nimefuta mazoea ya Accept, kwa kweli sikujua lile onyo linasema nini. Swali langu dogo, hivi ni lazima PuTTY? Windows yangu naona nikiandika ssh kwenye PowerShell inakubali.

fundi_kebo

Sio lazima. Windows 10 imekuja na OpenSSH ndani yake tangu 2018, ni ile ile ya kwenye Linux na Mac, na faida yake seti zinakaa kwenye faili la maandishi linaloitwa config ndani ya folda ya .ssh, unalisoma, unalibeba, halina mambo ya Load na Save. Kwa mfano

Host kazini
  HostName 203.0.113.10
  User msimamizi
  IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519
  ServerAliveInterval 60

Ukishaandika hivyo unasema ssh kazini imetosha. Hiyo ServerAliveInterval ndo ndugu yake keepalive ya PuTTY, isipojibiwa mara tatu inakata yenyewe. Ukiwa na seva iliyojificha nyuma ya nyingine unaongeza ProxyJump na jina la ile ya mbele, ipo tangu OpenSSH 7.3, na ni salama kuliko kutiki "Allow agent forwarding" kwenye PuTTY, maana ukitiki hiyo mwenye root kwenye seva ya katikati anaweza kuutumia ufunguo wako kwingine muda wote ambao umeunganishwa.

Angalizo, OpenSSH haisomi .ppk. Ufungue kwa PuTTYgen, nenda Conversions, Export OpenSSH key. Na ukirudi nyuma kuna Import key. Mtu mwenye PuTTY ya zamani kabla ya 0.75 akishindwa kufungua .ppk mpya akaambiwa muundo ni mpya mno, asihangaike kuubadilisha, aapdeti tu.

Mimi PuTTY bado naipenda kwa kazi za kebo ya siriali, kuunganisha swichi na ruta moja kwa moja, hapo haijapata mpinzani kwangu. Ila ipakueni kwenye ukurasa wa Simon Tatham mwenyewe, chiark.greenend.org.uk, sio kwenye tangazo la juu la utafutaji. Kumewahi kusambazwa nakala bandia zinazofanya kazi vizuri kabisa huku zinapeleka paswedi zako kwingine.

jongoo_mtiifu

Narudi na majibu. Ilikuwa ni lile lile 50-cloud-init.conf, nimelibadilisha, sshd -T sasa inasema no zote mbili, dirisha la pili limeingia kwa ufunguo na nikijaribu bila ufunguo inakatwa hapo hapo "No supported authentication methods available". Mwenzangu katengeneza wake.

Kuhusu funguo, Mama ulikuwa sahihi. Nimekuta nne ambazo sio zangu. Mbili ni za RSA, moja ni hiyo nistp521 ya aliyeondoka, na moja haina hata maelezo. Nimetaka nifute zote ila nikaogopa kuvunja kitu, nifanyeje kujua ipi bado inatumika?

mzee_wa_logi

Logi tena. Kila anayeingia kwa ufunguo anaandikwa "Accepted publickey for" halafu jina, anwani aliyotoka, na mwishoni SHA256 ya ufunguo wenyewe. Fanya sudo zgrep 'Accepted publickey' /var/log/auth.log* linganisha na zile za ssh-keygen -lf. Ya nistp521 usisubiri hilo, ondoa leo, nimeshaeleza kwa nini.

jongoo_mtiifu

Nimefanya. Ya nistp521 nimeiondoa. RSA moja na ile isiyo na maelezo hazijaonekana kwenye logi zote zilizopo, nimezihamishia faili la pembeni kwanza. RSA ya pili inaingia kila usiku saa 8 na dakika 15 kutoka anwani moja ya ndani, nimefuatilia ni mashine ya bakapu, ingekatika na mimi ningejua siku ya kuhitaji bakapu. Nimeiacha ila nimeiongezea from= na hiyo anwani mwanzoni mwa mstari ili isiingie kutoka kwingine, nimeona kwenye man sshd kuwa inaruhusiwa.

Dirisha la kwanza bado nimeliacha wazi mpaka bakapu ya usiku ipite, asubuhi ntaangalia logi ndo nilifunge.